Uongo wa Juba

Desemba ya mwaka uliotangulia, Okidi alimzaba kofi muuza dizeli. Alimzaba ngazini, mbele ya mafundi wa kuchomelea na mama wa mgahawa waliokuja kudai chao kabla ya Krismasi, na walinzi wa getini wakaapa kwamba walilisikia. Muuza dizeli hakushtaki. Alilipwa kesho yake, akanyamaza. Lakini wakubwa wa kampuni hawakusahau, na Desemba iliporudi, wakamleta Florence.

Kampuni ilikuwa ya kuvusha mizigo ziwani, pale Port Bell, na idara ya malipo ilikaa ghorofani, juu ya maghala ya kamba na mapipa. Walikuwa watu watatu. Zubaida ndiye mkubwa wao. Okidi alikuwa Mwacholi mpana wa kifua, mwepesi wa mdomo na, kama ilivyodhihirika, mwepesi wa mkono pia. Wa tatu alikuwa Mbambu, msichana wa Kasese aliyeajiriwa baada ya Pasaka, ambaye sauti yake huipati mpaka uinamishe kichwa. Kazi yao ilikuwa kupokea ankara za kila aliyeiuzia kampuni kitu, kuzihakiki na kuandaa malipo. Miezi mingine ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Desemba ilikuwa vita. Hesabu za mwaka hazina budi kufungwa, kila mdai anataka watoto wake wale sikukuu, na simu zinalia hata ndotoni.

"Tumewaletea mshauri nasaha," Okwera, meneja wa fedha, aliwatangazia asubuhi moja. "Madamu Florence atakaa nasi mpaka mwaka uishe. Kila mmoja ataingia kuongea naye peke yake, mlango umefungwa. Mambo ya uchovu, mambo ya nyumbani, chochote. Ya mle ndani yatabaki mle ndani."

Okidi alipiga makofi. Mbambu alitabasamu kwa haya. Zubaida alimtazama mgeni kutoka kiatu mpaka kitambaa cha kichwa, akaona mwanamke wa makamo, mwenye chupa ya chai kwapani na uso wa mtu asiyeharakishwa na lolote, na moyo wake ukasema: huyu ametumwa.

Haukusema hivyo bure. Zubaida alizaliwa katika kota za jeshi Makindye, binti wa Sajini Muhamadi, Mnubi aliyelinda mageti maisha yake yote na kumlea bintiye kama anayelinda geti lingine. "Mtu akikuuliza umelalaje," mzee alikuwa akisema, "jiulize anakitakia nini kitanda chako." Na mbali na maneno ya baba yake, Zubaida alikuwa na yake aliyoyaona kwa macho. Miaka michache nyuma walikuja watu wengine wapole, wakawauliza wafanyakazi wa ghalani kama kazi inawaelemea, nani anamsaidia nani, nani angeweza kufanya kazi ya nani. Watu wa ghalani wakafunguka kama maboga. Mvua za masika hazijakatika, nusu yao walikuwa nyumbani, na aliyeandaa mafao yao ya mwisho alikuwa Zubaida mwenyewe.

Florence akapewa kijichumba mwisho wa ukumbi, kilichokuwa cha mashine ya kunakili kabla haijafa. Akaweka viti viwili, kimeza, chupa ya chai ya tangawizi, basi.

Okidi aliingia wa kwanza. Alitoka akipiga mluzi.

"Amekuuliza nini?" Zubaida alimdaka.

"Usingizi. Chakula. Nikiwa na hasira naisikia wapi mwilini." Okidi alijigusa shingo. "Dada, mimi sikujua kumbe hasira yangu inaanzia hapa!"

"Alikuwa anaandika?"

"Hata kalamu hana."

Badala ya kumtuliza, jambo hilo lilimtia Zubaida wasiwasi zaidi. Anayeandika unaweza kumwomba uone alichoandika. Asiyeandika anabeba kichwani, na kichwa cha mtu hakipekuliwi.

Mbambu naye akaingia, na baada ya siku chache akaingia tena. Zubaida alijitia ana shughuli nyingi. Kila Florence alipopita na kumsalimu, alijibu salamu kwa ukamilifu wake, kisha akainamia kazi. Lakini jicho lake halikumwacha. Alimwona akizungumza na Okwera karibu na ngazi, wote wawili kwa sauti ya chini, Florence akitikisa kichwa. Alimwona mpishi wa kampuni akicheka naye. Alianza kufunga droo yake kwa ufunguo hata akienda kusali tu.

Ndipo siku moja, katika kikao kifupi cha asubuhi, Okwera akasema, "Na tafadhali, kila mtu ale. Najua humu ndani kuna wasiokula mchana."

Zubaida alihisi damu ikimpanda masikioni. Asiyekula mchana ni Mbambu. Nani alimwambia Okwera? Alimtazama Mbambu, Mbambu alikuwa anatazama sakafu. Alimtazama Okidi; Okidi alikuwa anatafuna mandazi. Ikabaki njia moja tu.

Jioni hiyo alimsimulia baba yake. Mzee Muhamadi alizima redio, jambo asilolifanya kwa mgeni wala kwa msiba.

"Mtege," alisema. "Mpe neno ambalo hajapewa mtu mwingine. Halafu kaa kimya, usikilize litatokea wapi."

Kesho yake Zubaida akabisha hodi kwenye kijichumba. Florence hakuonyesha mshangao. Alimmiminia chai, akaketi, akangoja.

"Nina jambo," Zubaida alisema. Neno alikuwa amelipanga njia nzima. "Januari mimi siko hapa. Nimepata kazi Juba, kwenye kampuni kubwa. Sijamwambia mtu hata mmoja, hata baba yangu."

"Juba," Florence alirudia polepole.

"Juba."

"Na unachotaka kukiacha hapa ni nini?"

Swali hilo Zubaida hakuwa amejiandaa nalo. Alitafuta jibu la haraka la kujazia uongo wake, na lililokuja mdomoni lilikuwa la kweli. Alizungumzia simu. Simu ya mezani na simu yake mwenyewe, maana wadai wote walikuwa na namba yake. Zikilia akiwa kwenye swala, zikilia akimwogesha baba yake siku ambazo mgongo wa mzee umekataa. Alisema kwamba kila Desemba analia siku moja, ndani ya gari, akiwa peke yake, halafu anajipangusa na kushusha kioo. Aliposikia sauti yake inatetemeka alikasirika, akanywa chai yote kwa mkupuo ikamuunguza ulimi.

Florence hakumpa pole, wala hakumpa mawaidha. "Hilo la gari," alisema, "nani mwingine analijua?"

"Hakuna."

"Basi leo tunalijua wawili."

Zubaida alitoka akiwa na hasira na nafsi yake. Alikuwa ameingia kutega, na mtego ukamshika yeye kidole.

Hazikupita siku nyingi. Okwera alimwita ofisini kwake, akafunga mlango mwenyewe, na hakuketi.

"Nasikia unatuacha."

Zubaida alishika ukingo wa kiti. Alikuwa amelingoja neno hilo, lakini lilipofika lilimpiga kama hakulingoja. "Umesikia wapi, bosi?"

"Wapi si kitu. Juba kuna nini? Kama ni mshahara, sema. Huwezi kuniachia idara hii na hesabu hazijafungwa."

"Nimekuuliza, umesikia kwa nani?"

"Nilimwahidi mtu kwamba sitasema," Okwera alijibu, na kwa Zubaida hilo lilitosha na kuzidi.

Alirudi kwenye meza yake, akawaeleza wenzake kila kitu: kwamba alimwambia Florence uongo, kwamba uongo huo hakumpa mtu mwingine yeyote, na kwamba sasa umeketi mdomoni mwa Okwera. Mbambu aliweka mkono kifuani. Okidi alibadilika rangi.

"Mimi nilimwambia habari za mke wangu," alisema. "Nilimwambia kwamba amerudi kwao Gulu. Nilimwambia na ninachokunywa."

Akasimama kabla hawajamzuia. Florence alikuwa anatoka kijichumbani na chupa yake, na ukumbi ulikuwa umejaa wadai waliopanga foleni ukutani. Okidi hakumgusa, lakini alimvua nguo kwa maneno. Alimwita kachero. Alimwita mla chumvi ya watu na kuitemea. Wauza dizeli walinyoosha shingo ili wasikose kitu.

Florence alimwacha amalize. Kisha akamtazama Zubaida aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Na wewe unaamini hivyo?"

"Nilichokwambia nilikwambia wewe peke yako," Zubaida alijibu.

"Siwezi kukujibu hapa. Nikianza kujitetea, nitakuwa nimesema uliyoniambia mbele ya watu wote hawa." Sauti ya Florence ilikuwa kavu. "Mimi sikupeleka neno. Zaidi ya hapo sina."

Alishuka ngazi akiwa na chupa yake mkononi, na kesho yake hakuja.

Jioni Mzee Muhamadi alipiga paja kwa furaha. "Umemnasa!" alisema. "Binti wa sajini!" Zubaida alicheka pamoja naye, lakini usiku alijigeuza sana kitandani. Maneno "leo tunalijua wawili" yalimrudia, na akajiuliza kwa nini habari ya Juba ilikuwa imefika kwa Okwera, lakini habari ya gari haikufika.

Kijichumba kikakaa tupu na idara ikarudi kwenye vita vyake. Okidi alianza tena kupiga meza. Simu zililia bila kukoma. Na Zubaida, ambaye alidhani amemaliza kushuku, akajikuta anamshuku mtu mwingine. Mbambu alikuwa anapotea. Saa za chakula, wakati mwingine katikati ya asubuhi, kiti chake kilikuwa kitupu, na akirudi alikuwa amenawa uso. Choo kilikuwa upande mmoja wa ukumbi; yeye alikuwa anatokea upande mwingine.

"Anakutana na nani?" Zubaida alijiuliza. "Anampelekea nani habari?"

Siku moja akamfuata. Mbambu alipita kijichumba kilichokuwa cha Florence, akasukuma mlango wa stoo ya karatasi iliyo jirani yake, akaingia. Zubaida alingoja kidogo, kisha akasukuma naye.

Hakukuwa na mtu wa kukutana naye. Mbambu alikuwa ameketi juu ya katoni, magoti kifuani, leso mdomoni, akilia kama mtoto anayeogopa kuamsha watu. Alipomwona Zubaida aliruka.

"Nakuja, dada! Nilikuja kuchukua karatasi, nakuja sasa hivi."

Upande wa pili, ndani ya kijichumba, wasafishaji wawili walikuwa wamekaa kupumzika, na mmoja alikuwa anamwambia mwenzake bei ya kuku sokoni Kyebando. Zubaida alisikia bei. Alisikia na mwenzake akiguna. Aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa mbao nyembamba, umepakwa rangi ukafanana na ukuta wa kweli.

Alimgeukia Mbambu taratibu. Hakuhitaji kuuliza, lakini aliuliza.

"Siku ile niliyoingia kwa madamu Florence. Ulikuwa hapa?"

Mbambu alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimiminika upya.

"Ukasikia Juba."

"Sikuja kusikiliza, dada. Naapa. Mimi huwa nakuja hapa kila siku. Ila nilisikia unaondoka, nikaona nitabaki peke yangu na Okidi na zile simu na watu wa ngazini, na mimi hata nusu ya kazi siijui. Nikaenda kwa mzee Okwera. Nikampigia magoti asikuruhusu. Nikamwomba asiseme ni mimi."

"Na Okidi alipomtukana madamu wa watu pale ukumbini, ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Mbambu alijifuta pua. "Kila siku nimetaka kusema. Kila nikitaka, naona utanifukuza."

"Kwa nini hukuja kwangu? Kwa nini ulimwendea Okwera, mimi niko meza ya pili?"

Mbambu alimtazama kwa mara ya kwanza, kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakupita dirishani.

"Wewe, dada? Nani huthubutu kukuuliza wewe kitu?"

Zubaida aliketi juu ya katoni nyingine. Hasira aliitafuta akaikosa. Walikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka wasafishaji wa upande wa pili walipoondoka.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Okwera.

"Sina kazi Juba," alimwambia. "Sijawahi kuwa nayo. Nilisema uongo nimpime madamu Florence. Na najua aliyekwambia si yeye."

Okwera alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Nafuu na ghadhabu vilikuwa vinagombania uso wake. "Mwanamke mzima," alisema. "Mwanamke mzima, mkubwa wa idara!"

"Nigombeze baadaye. Niambie kwanza: ile ya watu wasiokula mchana, nani alikwambia?"

"Mpishi! Anarudisha sahani ya Mbambu imejaa kila siku, kwani mimi sina macho?"

"Na siku ile ngazini, ulikuwa unamwambia nini Florence, akawa anatikisa kichwa?"

Okwera alianza kufuta miwani. Alitazama dirishani, mahali ambapo mabehewa yalikuwa yanasukumwa taratibu kuingia melini.

"Ofisi kuu walitaka majina," alisema hatimaye. "Nani anastahimili na nani hastahimili. Walisema mkataba wake utaendelea mwakani akiwapa. Nikamfikishia. Akasema watafute mtu mwingine."

Kwa hiyo pua ya Zubaida haikumdanganya. Moshi ulikuwepo kweli. Ila alikuwa amemmwagia maji aliyekuwa anauzima, na aliyekuwa na kiberiti alikuwa ameketi mbele yake akifuta miwani.

"Majina hawatayapata," alisema. "Na mimi nina yangu ya kuomba. Namba yangu ya simu itoke ukutani pale chini. Wadai wapokewe asubuhi tu, na mmoja wetu kwa zamu, wawili wabaki wanafanya kazi. Tarehe ya mwisho ya kupokea ankara itangazwe leo, na atakayeleta baada ya hapo, hata akiwa shemeji yako, atangoja Januari. Na Mbambu afundishwe kazi yote, kila siku kipande, mimi mwenyewe nitamfundisha."

"Nikikataa?"

"Juba si mbali," Zubaida alisema.

Okwera hakujua kama anataniwa. Mchana wa siku hiyo tangazo likabandikwa.

Jumapili, Zubaida na Mbambu walikwenda Kyebando kumtafuta Florence. Walimkuta nyuma ya nyumba yake anaanika nguo, akawakaribisha uani, akawapa viti, lakini chai hakutoa. Mbambu alisema yake huku akilia. Zubaida alisema yake bila kulia, ingawa ilikuwa ngumu zaidi.

"Nilikushuku tangu siku ya kwanza," alimaliza. "Nikakutega. Naomba radhi, madamu."

Florence alibana shati kwenye kamba. "Habari ya Juba nilijua si kweli."

"Ulijua?"

"Niliishi kule. Mtu anayekwenda Juba huuliza nyumba, huuliza usalama, huuliza joto. Wewe uliongea habari za simu tu. Nikasema moyoni, huyu ameingia na uongo wake kama mtu anayeingia na mwavuli. Acha aushike, ili mradi ameingia." Hakutabasamu. "Lakini nilitukanwa, Zubaida. Nilitukanwa mbele ya wauza dizeli, na wewe ulisimama mlangoni."

"Nilisimama mlangoni," Zubaida alikubali.

"Sijakasirika kama nilivyokasirika wiki ile. Ila sirudi. Na huyo Okidi, akija, aje mwenyewe. Asitume salamu."

Waliagana kwa mkono. Njiani kuteremka kilima, Mbambu aliuliza kama wamesamehewa, na Zubaida akasema hajui. Nyumbani alimweleza baba yake mambo yalivyokuwa, tangu ukuta wa mbao mpaka kamba ya nguo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawasha redio, akaulizia chai yake.

Hesabu zilifungwa. Hazikufungwa kwa shangwe. Kulikuwa na muuza kamba aliyekuja amechelewa akapiga kelele ngazini mpaka akachoka, na Okidi, ambaye siku hiyo haikuwa zamu yake, aliikalia mikono yake. Kwa Florence kule Kyebando, alisema atakwenda Jumamosi, na Jumamosi ilipita, akasema ijayo. Zubaida hakulia ndani ya gari mwaka ule. Alilia mchana mmoja mezani, kidogo, wenzake wakimwona, na Mbambu akamsogezea sahani yake ya ndizi na karanga.

Siku ya mwisho ya kazi walikuwa wanakula wote watatu, na Mbambu, kwa ile sauti yake ya kuinamiwa, alisimulia jambo lililomfanya Okidi apaliwe. Kicheko kilifika ofisini kwa Okwera. Alitoka, akasimama karibu, akangoja kualikwa, hakualikwa. Baadaye akamkuta Zubaida peke yake anaosha kikombe.

"Mbambu alikuwa anasema nini pale?" aliuliza, kwa wepesi, kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

Zubaida alimtazama. Huenda aliuliza kwa sababu alitaka kucheka na yeye. Huenda kulikuwa na mtu ofisi kuu anayengoja jibu. Hakuweza kujua, na safari hii hakuona haja ya kumtegea mtu ili ajue.

"Muulize mwenyewe," alisema, akakifuta kikombe, akaenda kuchukua mkoba wake.